Mama Denise Masengo na Shaba ya Baba Yake

Tarehe 31 Julai mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Denise Masengo, dereva wa ofisi yetu ya shule za kanisa hapa Kamina, ataweka funguo za gari mezani kwa mara ya mwisho. Ameahidi kuziweka kwa upole. Sisi tunaomjua tumeshaanza kusogeza vikombe.

Mama Denise na upole, jamani, ni majirani wasiosalimiana. Akiingia ofisini, hata yule aliyezidiwa na usingizi wa baada ya bukari, ugali wetu, huinuka na kutafuta kalamu. Salamu yake ya kila asubuhi tunaijua wote: “Jambo yenu! Mulilala hapa ao mulikuja kwa kazi?” Mimi, Marc Mbuyi, katibu wa ofisi, nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu moja tu: hakuna mtu aliyekaa kando yake kwenye kiti cha mbele mara nyingi kuliko mimi, mkono mmoja umeshika mafaili, mkono wa pili umeshika dirisha, na moyo umemshika Mungu.

Alizaliwa na kukulia katika cité, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Baba yake, Papa Masengo, alikuwa machiniste, yaani dereva wa treni, na mama yake alikuwa mtu wa Kinkondja, kwa wavuvi, ndiyo maana hadi leo hakuna muuza samaki wa soko hili anayethubutu kumdanganya. Papa Masengo alikuwa na wavulana wazuri, wote wakapenda shati jeupe. Denise peke yake ndiye aliyependa grisi. Baba akamfundisha kusikiliza moteri kama vile daktari anavyosikiliza kifua, na akamfundisha pia ukaidi, ingawa nadhani hilo somo alikuwa analijua tayari.

Alipoingia kwetu alipewa kazi ya kupokea wageni. Wageni wakaanza kupungua. Mkurugenzi wa wakati ule, mtu mwenye busara, akamtoa mlangoni akampa gari, na tangu siku hiyo wageni wamerudi na gari halijapata bwana mwingine. Nalo ni gari lilelile: pickup kuukuu ya petroli, rangi yake hakuna anayeikumbuka, tuliyoibatiza jina la Vumilia. Shule zetu zote, kuanzia za mjini mpaka zile za mbali kupita Base, ile kambi ya jeshi, zimepata chaki, madawati na walimu wao mgongoni mwa Vumilia.

Sheria za gari lake mnazijua. Mbuzi hakai mbele, hata kama ni mbuzi wa mkurugenzi. Samaki mkavu anasafiri nyuma, amefungwa vizuri, na mwenyewe anakaa naye. Mkaguzi akikwama mchangani anashuka kusukuma kama wengine, na koti lake analishika Mama Denise, kwa heshima zote, kutoka ndani. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga mtu wala baiskeli. Aligonga mlango wa ofisi mara moja, na mpaka leo anashikilia kwamba ni mlango uliosogea.

Lakini nikiandika hayo tu na kuweka kalamu chini, nitakuwa nimewaibia. Kuna jambo ambalo wafanyakazi wapya wanalisikia nusu nusu, kila mtu na chumvi yake. Mimi nilikuwepo. Acha nilisimulie sawasawa.

Ilikuwa mwaka 2017, majira ya kiangazi, mtihani wa Taifa ukikaribia. Shule yetu iliyo mbali zaidi, ng’ambo ya Base, ilikuwa na finalistes wake, darasa la mwisho, ambao kituo chao cha mtihani kilikuwa hapa mjini. Kila mwaka Vumilia ndiye aliyewaleta Jumapili, pamoja na mikeka yao na unga wa wiki nzima, wakalala kwenye majengo ya kanisa, Jumatatu wakaingia mtihani. Mwaka ule, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Mama Denise alikuwa anarudi kutoka kupeleka madawati. Njiani mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukatoka nyuma mwingi kama wa jiko la kuni mbichi. Akazima, akangoja, akaongeza maji, akasogea kidogo, akazima tena. Akafika kwake kwa namna hiyo, jioni, akaingiza Vumilia katika lupango lake, yaani ua wa nyumba yake, na kufungua kifuniko cha mafuta. Mafuta yalikuwa yamegeuka chai ya maziwa.

Kwa wale wasiojua mambo ya gari: moteri ina kichwa chake, kinakaa juu ya tumbo lake, na katikati yao kuna kitu chembamba kama karatasi ngumu kinachozuia moto, maji na mafuta visikutane. Kinaitwa joint ya culasse. Kikiungua, kila kitu kinaingia nyumba ya mwenzake, na gari limekwisha mpaka kibadilishwe. Mkurugenzi akasema tutafute fundi mwenye nafasi. Mama Denise akasema fundi ameshapatikana, yuko nyumbani kwake, na tumwachie lupango lake kwa amani. Joint mpya ikaagizwa Lubumbashi. Moja tu, kwa maana moja tu ndiyo iliyopatikana ya gari la umri ule. Ikaja kwa treni Alhamisi, imefungwa ndani ya kartoni ya sabuni.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi alifika msichana mmoja kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Chancelvie, mmoja wa wale finalistes. Wenzake walikuwa wamemtuma aje aulize kama Vumilia atakuja Jumapili. Akakuta kichwa cha moteri kimelazwa juu ya meza ya jikoni chini ya mti wa avokado, akaangusha baiskeli. Tukamkalisha, akanywa maji, na maneno yakatoka. Baba yake alikuwa amekwisha kusema wazi: mwaka huu au basi. Asipofanya mtihani, hatarudi darasani tena, na kulikuwa na mtu aliyekuwa ameanza kuleta posa. Magari mengine ya mji tulikuwa tumeyauliza, yote yamekwisha kuchukuliwa na vituo vingine. Na pikipiki, ni nani aliyewahi kuona pikipiki zikibeba darasa zima na unga wake katika mchanga ule? Mama Denise akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akamwambia: “Rudia kwenu, mwana. Siku ya Mungu minyi nitakuya. Ambia benzako bafunge mikeka.”

Tunaofanya kazi naye tunajua: Mama Denise akisema nitakuja, hiyo imepita muhuri wa Gouvernorat, ofisi ya gavana.

Ijumaa asubuhi akasafisha kila kitu. Akakwangua uso wa moteri mpaka ukang’aa, akaupangusa kwa petroli, akatukataza hata kupumua karibu, maana uso ule lazima uwe mkavu kabisa, bila tone la mafuta. Kisha, kwa kuwa yeye ni mama wa kanisa kama alivyo mama wa grisi, akafanya jambo ambalo kwetu kila mtu angelifanya: kabla ya kufunga, akawaita mama wa kikundi cha maombi waje kumwombea Vumilia. Hapa kwetu hatujengi nyumba bila maombi, hatupandi treni bila maombi. Sasa gari la kubeba watoto wa mtihani, litafungwaje hivihivi?

Wakaja, vitambaa vichwani, mbele yao Mama Béatrice, kiongozi wao, mwanamke mwenye imani ya kuhamisha mlima na sauti ya kuusukuma. Tukasimama duara. Tukafumba macho. Sasa mjue kwamba Mama Denise anafumba macho kwelikweli. Wengine wetu huchungulia kidogo kuona maombi yamefika wapi, lakini yeye, paa lingeanguka, asingefumbua kabla ya amina. Mama Béatrice aliomba kwa urefu. Aliombea moteri, magurudumu, barabara, mchanga, watoto, na walimu wa watoto. Tukasema amina, Mama Denise akashukuru, akalaza joint mpya bila kuukagua tena ule uso, tukashusha kichwa pamoja, akaanza kukaza boulons, zile bolti za kukifunga. Anakaza kwa raundi tatu, akianzia katikati kwenda pembeni, na kila raundi anaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisa ili mkono usiharakishe. Kila boulon ilikaza vizuri sana. Alifurahi jinsi zilivyokaza.

Mchana tukaweka maji, akawasha. Vumilia akaitika mara ya kwanza! Watu wa mtaa wakapiga vigelegele. Vigelegele havijaisha, maji kwenye radiateur yakaanza kuchemka mapovu, na moshi mweupe ukarudi, mwingi kuliko wa kwanza. Joint mpya, ile moja tu, ilikuwa imepasuka.

Mama Denise akafungua tena. Alipotoa boulon ya kwanza akainusa. Akainusa tena. Ikawa inanukia kanisa. Akamtuma mtu amwite Mama Béatrice, akamwuliza, kwa sauti ndogo iliyotutisha kuliko ile kubwa, kama labda walileta mafuta ya kupaka wagonjwa. Mama Béatrice akajibu kwa fahari yote: “Sana, mama! Tulimupakaa muzuri. Na yale matundu yote, tulimwanga mule ndani. Hatukusahabu hata moja!”

Basi ndiyo hivyo. Wakati sote tumefumba macho, siku hiyo hata sisi wa kuchungulia, mama wa imani walikuwa wameupaka uso wa moteri mafuta ya zeituni na kuyamimina katika kila tundu la boulon. Boulons zilikuwa zinakaza juu ya mafuta, si juu ya chuma. Mkononi ngumu kama jiwe, chini hazikushika kitu. Ni wapi tena duniani moteri ingeharibika kwa kuombewa zaidi ya kipimo?

Mama Béatrice alipoelewa, alikaa chini kwenye mchanga akalia kwa sauti, na mama wengine wakaanza kulia naye. Mimi nikajitayarisha kusikia radi. Badala yake Mama Denise akamwinua kwa mikono yake yenye grisi, akamchafua kitambaa chote, akasema: “Weye, unalia juu ya nini? Minyi njo niliita bantu. Minyi njo nilifumba macho na kazi iko wazi. Mungu alisikia, njo kusema moteri tu njo haikusikia.” Akacheka. Tukacheka kidogo pamoja naye, lakini kila mmoja wetu alikuwa anaona uso wa yule msichana wa baiskeli. Joint nyingine ilikuwa Lubumbashi, kama ipo, na treni ya kuileta hakuna aliyejua itapita lini.

Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumamosi asubuhi nilipofika, nilimkuta Mama Denise amesimama sebuleni kwake, anaangalia ukuta.

Pale ukutani palikuwa na bamba la shaba. Nyumba nyingi kwetu zina picha za shaba, lakini zile za sokoni ni nyepesi. Hili lilikuwa bamba nene, pana kama dirisha. Wenzake Papa Masengo katika karakana ya reli walimtengenezea siku alipostaafu, kwa mikono yao. Upande wa juu walichora treni yake na moshi wake. Upande wa chini palikuwa laini, wamechora maneno machache tu: MASENGO, MACHINISTE, na chini yake: HAKUACHA MTU KITUONI. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Makaburi yetu mnayajua, mvua na majani vinakula jina upesi. Jina la mzee lilikuwa linasomeka mahali pamoja tu katika Kamina nzima, na ni pale ukutani.

Akaliteremsha. Tukalipeleka kwa Papa Jessé, fundi mzee wa shaba wa reli, jirani yake, yule yule aliyelichora. Zamani wao walikuwa wanakata joint za shaba kwa mashine zao, hivyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini alikataa. Alikasirika hasa, mzee wa watu. “Hii kazi ya mikono yangu, unataka nikate? Uyu alikuwa ndugu yangu!” Mama Denise hakubishana. Alimwonyesha kwa kidole yale maneno ya chini, akangoja. Papa Jessé akayasoma, ingawa aliyaandika mwenyewe. Akayasoma muda mrefu. Kisha akaomba kisu cha kuchorea.

Akaweka ile joint iliyopasuka juu ya upande wa chini wa bamba, akaizungushia mstari, akakata, akatoboa matundu ya moto, ya maji na ya boulons, siku nzima, bila kupumzika ila kunywa maji. Mama Béatrice na wenzake wakaleta makala, yaani makaa ya kuwashia, kila mama na kapu lake, wakawasha moto na kuupepea, maana shaba lazima iive mpaka iwe nyekundu, kisha izimishwe majini, ndipo inalainika na kukubali kukaa. Mafuta ya zeituni, nawahakikishia, siku hiyo yalibaki nyumbani.

Ikabaki kazi moja. Herufi zilikuwa zimechimbwa ndani ya shaba, na joint haikubali mfereji hata mmoja mwembamba. Lazima zisuguliwe mpaka ziishe. Papa Jessé akaweka kipande cha kioo mezani, akaweka msasa juu yake, akarudi nyuma. Akasema hiyo yeye hawezi. Mama Denise akaketi. Akaanza kusugua jina la baba yake.

Mnamjua, hajawahi kufanya kazi kimya. Siku hiyo hakuimba, hakusema, hakutukana hata nzi. Alisugua akigeuza, akiangalia kwenye mwanga, akisugua tena. Kwanza ikaondoka machiniste. Halafu yale maneno ya kituoni. Masengo ilikuwa imechimbwa zaidi, ilichelewa. Mama Béatrice alitaka kuimba, akashindwa, akamshika bega tu. Nami nililia, naandika hapa bila haya, nikisingizia moshi wa makala. Mwishoni akapitisha kidole juu ya shaba yote, ikawa laini. Akasimama akasema, “Bon. Tufunge,” akaenda kunawa.

Safari hii alikausha kila tundu kwa kitambaa kilichosokotwa kwenye kijiti, akazungushia gundi ya moteri kidogo kwenye matundu ya maji, akafunga kwa raundi zake tatu. Nyimbo zilirudi, ila pole pole. Maombi yakafanyika pia, msidhani yaliachwa. Mama Béatrice aliomba, macho yake wazi, mikono nyuma.

Jumapili baada ya ibada Vumilia aliwaka. Tukangoja. Mapovu hakuna. Moshi hakuna. Mshale wa joto ukapanda mpaka katikati ukakaa hapo kama mtu aliyefika kwake. Tukaenda, mimi kwenye kiti changu cha mateso. Kupita Base, kwenye ule mchanga, macho yetu yote yalikuwa kwenye mshale. Tulipokaribia kijiji tukawaona, wamepanga mistari barabarani, mikeka imefungwa, unga umefungwa, Chancelvie mbele. Walikuwa wamesimama hapo tangu asubuhi, wala hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa kivulini. Waliposikia moteri walianza kukimbia kutufuata, na Mama Denise akawafokea kwa dirisha wasikanyage unga. Ndipo nikajua kwamba amepona.

Jumatatu wote waliingia mtihani. Chancelvie alifaulu. Leo ni mwalimu katika shule ileile, na kila mwaka Vumilia anapokwenda kuwachukua finalistes, yeye ndiye anayewapanga barabarani. Kipande cha juu cha bamba, chenye treni, kimerudi ukutani kwa Mama Denise, kimekatwa kando kwa unyofu wa Papa Jessé. Mgeni akiuliza mbona picha haina maneno, anaambiwa anywe chai yake.

Mama Denise ametufundisha kuendesha, kusukuma na kufika. Amemfundisha Mira, atakayeshika usukani kuanzia Agosti, na kama Mira bado anazungumza naye baada ya masomo yale, basi tumepata dereva. Chanda chema huvikwa pete, nasi tulitaka kumvika. Wafanyakazi tulikutana tukakubaliana kwamba kabla hajaondoka, Vumilia afunguliwe, ile shaba itolewe, iwekewe joint mpya ya dukani, na Mama Denise akabidhiwe shaba ya baba yake siku ya sherehe, ndani ya fremu, jina likiwa limechorwa upya. Tuliona ni zawadi nzuri. Nilitumwa mimi kumweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mara ya pili katika maisha yangu nimeona hivyo. Machozi yalimjaa, akayapangusa kwa kiganja, akapaka grisi shavuni. Kisha akatikisa kichwa. “Hapana, Marc. Muache mule ndani. Batoto ba mwaka huyu bangali banangoya kule. Baba angali kwa kazi. Minyi njo napumzika.”

Wafwako, Mama Denise, kama walivyosema wazee wa mama yako. Asante kwa kila mtoto uliyemfikisha, na kwa kila mmoja wetu uliyemwamsha. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, samaki wanono kutoka kwa wajomba wa Kinkondja, na wajukuu wakaidi wa kukulipizia kisasi chetu. Nenda kapumzike kwa amani na furaha. Baba yako tutamwekea maji kila asubuhi.